Lori Lililozima Lenyewe

Kaka yangu aliitwa mwizi mbele ya madereva wenzake, katika yadi aliyoifanyia kazi tangu mwanawe wa kwanza hajazaliwa, kwa kosa lililotendwa na kiboksi cha chuma chepesi kisichozidi ukubwa wa kitabu cha shule. Hakuna aliyelifungua boksi hilo kabla ya kumfungulia yeye lango. Nayaandika haya kwa sababu waliomwita hivyo wanaendelea kula na kulala vizuri, na kwa sababu mtu mwingine, ambaye ugomvi huo haukuwa wake, hayupo tena wa kula wala kulala.

Madereva walimwita Taratibu. Alipewa jina hilo kwa kejeli alipoanza kazi, maana alikuwa wa kwanza kutoka yadini na wa mwisho kufika, naye akalivaa mpaka likamkaa. Hakuwa mtu wa kulipita gari la mbele kwenye kona ili apate la kusimulia kijiweni. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, alilizunguka lori akigonga kila tairi kwa kipande cha nondo na kuusikiliza mlio wake, kisha akainama chini ya tela na kukaa huko muda mrefu hivi kwamba mlinzi alimwuliza kama amepanga chumba. Mkewe, yaani wifi yangu, ni msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Yeye husema kwamba hata uchumba alimwendea kwa mwendo huohuo: alikuja kwao kusalimia mara nyingi bila kusema neno la maana, mpaka mama yake akauliza kama yule kijana amepoteza kitu pale uani.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, la aina ile ambayo kabini yake huinuliwa kuelekea mbele kama kifuniko cha sanduku ili injini ifikiwe. Si la zamani sana la kutokuwa na kompyuta, wala si jipya la kuweza kujieleza linapougua. Kompyuta hiyo ya injini, ambayo mafundi huiita boksi, imefungwa kwa nati ubavuni mwa injini. Ndiyo inayoamua mafuta yanyunyizwe kiasi gani na wakati gani. Ikinyamaza, mafuta hayaingii, na injini hukata roho hata kama tangi limejaa na betri zina nguvu.

Kando ya kaka yangu, kwa miaka mingi, aliketi utingo wake, mdogo wake wifi yangu. Siku ya kwanza Taratibu alimtambulisha langoni, "Huyu ni shemeji yangu," na mlinzi akajibu, "Karibu, Shemeji." Kuanzia siku hiyo kila mtu pale alimwita Shemeji: mlinzi, mafundi, hata mwenye magari, ambaye madereva humwita Tajiri. Ungedhani yadi nzima imeoa kwao. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto mapacha, mwepesi wa mikono na wa maneno, na alikuwa na leseni ya magari makubwa aliyoihifadhi kwenye mfuko wa nailoni isilowe, akisubiri siku ya kupewa usukani.

Lori lilianza kuzima katika msimu wa joto. Walikuwa wanapanda mlima na mzigo mzito, jua la mchana likiwa limewasimamia utosini, mara mshale wa mizunguko ya injini ukadondoka hadi sifuri, taa zote za dashibodi zikawaka, na usukani ukawa mgumu kama umefungwa kwa kamba. Taratibu alilikokota pembeni kwa nguvu ya mabega. Stata ilizungusha injini vizuri kabisa, lakini haikushika. Walikaa kando ya barabara karibu nusu saa. Kisha, bila kuguswa na mtu, likawaka kana kwamba halikufanya lolote.

"Lilichoka tu," Shemeji alisema. "Hata wewe ungepumzika."

"Mimi nikipumzika mlimani, nani atanisukuma?"

Likarudia safari iliyofuata, na iliyofuata tena. Lilizima likiwa na mzigo, penye mlima, saa za joto kali, na milima ya njia ile haina nyumba wala kivuli. Shemeji ndiye aliyegundua mahali penye ugonjwa, na alipagundua kwa kidole. Waliinua kabini, akawa anapapasa huku na huku akitafuta waya uliolegea, akaligusa boksi na kuruka nyuma akipuliza mkono. Lilikuwa la moto kuliko kila kitu cha jirani yake. Akachukua taulo lake la jasho, akalilowesha, akalitandika juu ya boksi. Walipojaribu stata, injini ilishika mapema kuliko siku zote. Tangu hapo hawakusafiri bila dumu la maji na taulo kuukuu.

Kulikuwa na hatari katika dawa hiyo, na kaka yangu aliijua. Chuma cha kuizuia kabini isirudi chini kilikuwa kimekatika siku nyingi. Tajiri aliambiwa, akasema kitachomelewa, hakikuchomelewa. Pampu ya mkono iliyokuwa ikiiinua ilikuwa inavuja. Taratibu alikata mti mgumu wa kipimo kamili, akaufunga nyuma ya kabini, na hakumruhusu mtu kuingiza hata kidole kabla mti haujasimamishwa. "Weka mti," alikuwa akimwambia Shemeji kila mara, na Shemeji alikuwa akimjibu, "Naam, mama mkwe."

Kwamba lori linazima, kaka yangu alilisema ofisini tangu safari ya kwanza. Lilipelekwa gereji. Lakini huko lilifika asubuhi, likiwa limelala yadini na kupoa hadi kwenye mifupa. Fundi umeme aliunganisha mashine yake ya kusoma hitilafu, na mashine haikuona kitu, kwa sababu kompyuta iliyozimia haiwezi kuweka kumbukumbu kwamba imezimia. Alibadilisha chujio la mafuta, akakaza vichwa vya betri, akaliacha lingurume pale kivulini huku akinywa chai. Ni mtu wa maneno mengi na mizaha, na wateja humpendea hilo. Akafuta mikono yake na kutoa hukumu:

"Gari hili lina afya kuliko mimi. Kama kuna mgonjwa hapa, basi ni dereva."

Waliokuwepo walicheka. Kaka yangu naye alicheka, kwa adabu. Hakujua kwamba mzaha huo ungefika ofisini kabla yake na kugeuzwa ushahidi.

Hapa sina budi kumweleza msimamizi wa safari. Alikuwa dereva zamani, na enzi zake alikuwa mnyonya mafuta aliyekubuhu, wa kuyatoa tangini na kuyauza njiani. Hilo halikuwa siri, maana alikuwa akilisimulia mwenyewe yadini kwa majivuno, kama wengine wanavyosimulia mpira waliocheza ujanani. "Njia mnazopita nyinyi nilizilima mimi," alipenda kusema. Tajiri alimweka pale kwa hesabu hiyohiyo, kwamba anayezijua hila ndiye atakayezikamata. Mezani kwake palikuwa na kioo kinachoonyesha kila gari lilipo na lilikosimama. Naye alipotazama safari za Taratibu, aliona gari lenye mzigo likisimama karibu nusu saa mahali pasipo na watu, mchana wakati askari wa barabarani wamekimbilia vivulini, safari baada ya safari. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya yeye. Nusu saa inatosha kujaza madumu na kuyakabidhi. Tena lori lilikuwa limeanza kula mafuta kuliko kawaida, kwa kuwa kompyuta inayoumwa hupima vibaya. Kila kilichokuwa dalili ya ugonjwa wa gari, yeye alikisoma kama sura yake mwenyewe kwenye kioo.

Walimwita ofisini. Tajiri alikuwa ameketi pembeni akizungusha simu mezani.

"Kaa, Taratibu," alisema msimamizi.

"Nashukuru. Nimesimama vizuri."

"Hapa ulisimama kufanya nini?" aliuliza, kidole kwenye kioo.

"Gari lilizima."

"Na hapa?"

"Lilizima, bosi. Nilikuja nikakwambia."

"Na hapa? Porini, hakuna hata mbuzi?"

"Gari halichagui. Linazima penye mlima."

"Linazima penye wateja." Msimamizi alimgeukia Tajiri akitabasamu. "Mimi huyu haniambii kitu."

"Fundi amesema gari halina tatizo," Tajiri alisema bila kuinua macho.

"Fundi amelipima limepoa. Tajiri, nakuomba jambo moja. Panda na mimi safari moja tu, mchana, na mzigo. Likifika juu bila kuzima, nifunge mwenyewe."

"Mimi? Nipande lori?"

Ndivyo alivyojibu. Mtu aliyekula jasho la lori hilo miaka yote hiyo aliona aibu kuketi ndani yake mchana mmoja, na kwa aibu hiyo ndogo akaridhia kumvika mwenzake aibu yote. Hawakuishia ofisini. Msimamizi alimtoa mpaka uwanjani, akawaita madereva waliokuwa wanasubiri kupakia, akapokea funguo mbele yao.

"Mtazameni huyu mnayemwita Taratibu! Taratibu zake ndizo hizi: anasimama, ananyonya, anaondoka. Anayetaka kumfuata, lango lile pale."

Madereva walitazama viatu vyao. Baadhi yao walikuwa na madumu chini ya viti wakati ule ule, na hao ndio waliokuwa wa kwanza kutikisa kichwa kwa masikitiko. Matajiri wa magari wana kundi lao la simu. Kaka yangu hajafika nyumbani, picha yake ilikuwa imekwisha kusambaa humo. Alizunguka yadi nyingine akitafuta kazi. Wengine walimwambia hakuna nafasi huku wamebandika tangazo la nafasi nyuma ya migongo yao.

Baada ya muda mfupi Shemeji aliingia saluni akiwa na funguo mkononi. Wifi yangu alikuwa anamsuka mteja.

"Dada, wamenipa gari."

"Gari gani?"

"Lilelile."

Mkono wa wifi ulisimama katikati ya msuko.

"Dada, unanivuta," mteja alilalamika.

"Samahani, mama." Akainua sauti kuelekea ndani. "Baba! Njoo usikie vituko vya mdogo wangu."

Kaka yangu alitokea mlangoni, kaptula na singilendi, nguo za mtu asiye na pa kwenda. Alizitazama zile funguo kwanza.

"Shemeji, gari hilo usilipande."

"Nisipolipanda mimi, atalipanda mwingine asiyelijua."

"Kulijua si kulitibu."

"Sikiliza, kaka. Wewe wamekuita mwizi. Likizima mikononi mwangu, mimi waliyenichagua wao wenyewe, watasema nini? Kwamba ukoo mzima unanyonya?"

"Ndiyo. Watasema hivyo hivyo."

"Basi nitalipiga video likizima. Nitawaletea hapo mezani waitazame kama sinema."

"Na utingo wako nani?"

"Nimeambiwa niende peke yangu. Msimamizi anasema utingo ni mshirika wa wizi; mimi amenisamehe kwa sababu hana mwingine anayelijua gari."

"Utainua kabini peke yako?"

"Nitaweka mti, mama mkwe. Usinilie."

Alicheka, mteja akacheka, na wifi yangu akacheka pia, akaendelea kusuka. Sitaki kumfanya shujaa. Alikuwa na mapacha wa kusomesha, na alikuwa ameitamani kazi hiyo miaka mingi. Lakini najua pia, kwa kuwa alimwambia mkewe, kwamba alikusudia jina la kaka yangu lirudi safi kutoka kwenye usukani uleule lilikopotelea.

Video aliipiga. Katika safari ya kwanza ya joto lori lilizima mlimani, naye akaonyesha dashibodi, stata inavyozungusha, boksi lenyewe na taulo juu yake. Msimamizi aliitazama mpaka mwisho, akamrudishia simu. "Hata mimi naweza kuzima gari kwa ufunguo nikapiga picha," alisema. "Kakufundisha shemeji yako?" Kesho yake ikatoka amri kwa madereva wote: gari likisimama njiani zaidi ya dakika kumi bila ruhusa, dereva atahesabiwa ameiba. Na kioo kikishaonyesha gari limesimama, dereva atapigiwa simu.

Dakika kumi. Boksi lile, likiachwa lenyewe, lilihitaji nusu saa kupoa. Likifunikwa taulo bichi, lilihitaji kitu kama robo saa. Aliyetoa amri alikuwa ameambiwa habari hiyo kwa mdomo, kisha akaonyeshwa kwa picha.

Kilichotokea tulisimuliwa na vibarua waliokuwa wakifyeka nyasi kando ya barabara. Waliona lori likisita katikati ya mlima, likavutwa pembeni. Dereva akashuka haraka akiwa na dumu, akaanza kupiga pampu, kabini ikainuka. Simu yake ilikuwa inalia. Aliipokea kwa mkono mmoja huku mwingine ukilowesha taulo, nao walimsikia akisema kwa sauti ya unyenyekevu, "Ndiyo, bosi. Naondoka sasa hivi, bosi." Aliiweka simu kwenye ngazi ya kabini, akaingiza mwili ndani kulifikia boksi. Ikalia tena. Akajivuta kuipokea, akajigonga, na kabini ikashuka.

Mti wa kaka yangu ulikutwa umelala chini karibu na gurudumu la mbele. Alikuwa ameushusha tayari. Hakupata nafasi ya kuusimamisha, au aliona utamchelewesha. Hakuna atakayelijua hilo. Vibarua walijaribu kuinua kabini kwa mikono na kwa vipini vya mafyekeo. Walisema jambo walilolikumbuka kuliko yote ni kwamba simu haikuacha kulia.

Tumemzika. Siku ya mazishi Tajiri alileta gari la kubebea jeneza na akasimama mstari wa mbele. Msimamizi alikuja pia, akawapa watu mkono mmoja mmoja, hata kaka yangu, kwa uso mkavu wa mtu aliyevaa miwani ya mbao.

Lori lilivutwa hadi gereji ileile. Fundi umeme ndiye aliyeinua kabini, safari hii kwa nguzo mbili, akakuta taulo limekaukia juu ya boksi. Alituma mtu amwite Taratibu.

"Hili taulo ni la nini?" aliuliza.

"La kulipoza. Likipoa linawaka."

"Na hukuniambia?"

"Nilikwambia linazima likipata joto. Ukasema mgonjwa ni mimi."

Fundi aliketi juu ya tairi, akalitazama boksi muda mrefu, kisha akaomba kitu cha kutoa hewa ya moto kinachoweza kuelekezwa mahali pamoja. Kaka yangu alikwenda nyumbani. Wifi yangu, ambaye hakuwa ametoka nje tangu amzike mdogo wake, alichomoa draya yake ya mkono ya kukaushia nywele, akakunja waya wake na kusema, "Twende. Nitaishika mwenyewe."

Fundi alikuwa amempigia Tajiri simu, na kwa heshima ya fundi, si yetu, Tajiri alifika pamoja na msimamizi. Injini iliwashwa ikiwa baridi, gari limesimama, halina mzigo wala mlima. Fundi alizunguka akigusa kila sehemu ili waone kwamba hakuna kinginecho chenye moto. Wifi yangu akaielekeza draya kwenye boksi, akaisogeza polepole huku na huku kama anayekausha kichwa cha mtu. Walisimama hivyo wakisikiliza ngurumo. Msimamizi alianza kusema, "Sasa hii ndiyo nini..." na injini ikazima.

Taa zote zikawaka. Stata ikazungusha, isishike. Fundi aliunganisha mashine yake ya kusoma hitilafu; ikatafuta kompyuta, haikuipata, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba tupu. Akapima nyaya za kuingia: umeme ulikuwa unafika kwenye boksi, na waya wa kurudi ulikuwa safi. Lakini umeme mdogo ambao boksi linatakiwa kuzigawia sensa za injini haukuwepo kabisa. Alizichomoa sensa moja baada ya nyingine, akieleza kwamba huenda mojawapo imeharibika na inaunyonya umeme huo wote. Hata ilipochomolewa ya mwisho, boksi liliendelea kunyamaza. Hapo akalowesha lile taulo, akalitandika, wakangoja. Injini ikawaka.

"Rudia," alisema wifi yangu.

"Dada, imetosha, tumeona."

"Rudia. Sitaki mtu aje aseme nilizima kwa ufunguo."

Akarudia. Ikazima vilevile. Wifi alizima draya yake, akamgeukia msimamizi.

"Haya, sasa nani ananyonya mafuta? Mashine yangu ya nywele?"

"Mama, pole sana. Sisi tungejuaje?"

"Mliambiwa na mume wangu. Mkaambiwa na mdogo wangu. Mlikuwa mnataka kuambiwa na nani, na gari lenyewe?"

Tajiri alimwuliza fundi itachukua muda gani kulitengeneza.

Haikuchukua hata asubuhi moja. Lilipatikana boksi lenye namba ileile kutoka kwenye lori lililokwisha kukatwa vyuma chakavu. Fundi alinakili taarifa za injini kutoka boksi la zamani likiwa baridi, wakati bado linaweza kusema, akazihamishia kwenye hilo jingine, kwa kuwa kila injini ina vipimo vyake na boksi la kuazima lisilofundishwa vipimo hivyo huiharibu. Akachomoa betri, akafungua nati nne, akabadilisha mipira ya kuzuia mtikisiko iliyokuwa imekauka kama maganda, akafunga. Baadaye alilipasua lile bovu kwa udadisi. Ndani, chini ya kipande kimojawapo, risasi ya kuchomelea iliyokishikilia ilikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele. Kikipata joto kilitanuka na kuachana, kikipoa kilirudi kugusana. Lori lilipelekwa mlimani mchana na mzigo kamili. Lilipanda mpaka juu bila kusita.

Ningetamani kuandika kwamba aibu iliwahamia wenyewe. Tajiri alimpigia kaka yangu simu siku chache baadaye.

"Taratibu, gari lako limepona. Rudi kazini."

"Nitarudi, Tajiri. Lakini kwanza simama pale yadini, mbele ya waliosikia, useme sikuiba."

"Aa, mbona unakuza mambo? Kila mtu anajua."

"Kama kila mtu anajua, haitakuchukua muda."

Kisha Tajiri alisema kwa sauti ya chini, na kaka yangu anakumbuka kila neno: "Nikisema gari lilikuwa bovu na wewe uliniambia, watu wa bima watasema nini? Na mjane atadai nini? Unataka nijifunge mwenyewe?"

Hapo ndipo mambo yalipojifunua. Kumsafisha aliye hai kulikuwa sawa na kukiri kosa la kifo cha marehemu. Basi wote wawili wakaachwa kwenye matope. Maelezo yaliyotolewa na ofisi ni kwamba dereva alifariki kwa uzembe wake, kwa kutosimamisha mti wa kuzuia kabini. Mti huo! Mti ambao haukununuliwa na ofisi, haukutajwa katika kanuni yoyote ya ofisi, uliokatwa na mtu waliyemwita mwizi, ndio uliogeuzwa sheria siku ile ilipohitajika kumlaumu maiti.

Kaka yangu hakurudi. Siku hizi anasukuma mkokoteni sokoni, anabeba magunia kutoka kwenye malori ya watu wengine, na madereva wanaomfahamu hujifanya wanatafuta kitu ndani ya kabini anapokaribia. Mjane wa Shemeji na mapacha wamehamia kwa kaka yangu. Chumba kilichokuwa cha wageni hakina tena nafasi ya mgeni. Wifi yangu anasuka, lakini anasuka kimya, na wateja waliokuwa wakimfuata kwa ajili ya vichekesho vyake wamepungua. Nilipomwuliza kaka yangu kwa nini hakukubali tu kurudi, hata kwa ajili ya watoto, alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya kigeni.

"Mimi ndiye niliyemwachia atumie taulo," alisema. "Ningelikataza siku ya kwanza, gari lingesimama nusu saa kama lilivyotaka, na yeye angefukuzwa kama mimi. Angekuwa hai, mwizi mwenzangu."

Nimemwambia mara nyingi kwamba kosa si lake. Hunisikiliza mpaka nimalize, kwa adabu yake ileile, kisha huinuka kwenda sokoni.

Tarehe 4 Machi mwaka 2024, ubao mpya ulipigiliwa kwenye ukuta wa yadi ile, chini ya dirisha la msimamizi. Unasema ni marufuku kwa dereva kuinua kabini akiwa barabarani. Amri ya dakika kumi haijafutwa.